Sili ya Nyuma

Pikapu ya Baba Pacha ilirudi gereji ikivutwa kwa kamba, na hakuna hata mmoja aliyeitania. Siku nyingine zote ikiingia pale kila mtu huwa na lake: huyu anaiita bibi harusi kwa mwendo wake wa madaha, yule anauliza kama imekuja kuaga. Siku hiyo kimya. Mwenye lori aliyeivuta alifungua kamba yake akaondoka, na mwenye gereji, fundi ambaye mtaa mzima unamwita Taratibu, akabaki ameshika kitambaa, anaitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa na hajui amguse wapi.

Jina la Taratibu halikuwa la matusi. Wako mafundi wa kugonga nyundo kwanza na kuuliza baadaye. Yeye alikuwa mtu wa kuuliza. Mteja akija na pupa, alimjibu bila hata kuinua kichwa: "Ukitaka kuondoka upesi, nenda kwa yule wa ng'ambo ya barabara. Ukitaka kufika, kaa hapo unywe maji." Gereji yenyewe aliachiwa na marehemu baba yake: mabati manne juu ya nguzo za mabomba, ukuta mmoja, ardhi nyeusi kwa oili ya miaka, na katikati shimo la kazi ambalo mzee alilichimba kwa mikono yake na kulijengea matofali. Ndani ya shimo hilo Taratibu alijifunza kila alichokijua. Na mama yake naye, usimdharau, alikuwa akija pale kila mchana na chakula cha mumewe, anakaa juu ya kreti, anasikiliza wanaume wanabishana kuhusu injini mpaka jua linapunguza ukali.

Sasa sikia kwa nini midomo ilifungwa siku hiyo. Ndani ya pikapu hiyo, kwenye kiti cha abiria, ndipo alipokata roho Mama Pacha, mke wa mwenye gari, mdogo wake Taratibu na binti pekee wa mama yao.

Figo zake zilikuwa zimekufa. Kuishi kwake kulitegemea mashine ya kusafisha damu, na mashine ilikuwa hospitali ya mji mwingine, mbali, barabara ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Mara mbili kwa wiki mumewe alimpakia kwenye pikapu, akamfunga mkanda, akamweka mto mgongoni, wakaenda na kurudi. Mwanamume yule, tumpe haki yake, hakuchoka. Wiki ile mvua ilikuwa imewanyima safari moja, na mwili wa mama wa watu ulishaanza kujaa maji. Safari ya pili wakatoka hivyo hivyo, na katikati ya njia, mahali pasipo na nyumba wala mtandao wa simu, injini ikalia mlio mmoja mbaya ikanyamaza. Tone la oili halikuwamo. Taa ya oili kwenye dashibodi ilikwishaungua zamani, nani angeona? Lilipopita lori, Mama Pacha alikuwa hapumui tena.

Msibani, mbele ya majirani, Baba Pacha alisimama akamnyooshea shemeji yake kidole. "Huyu hapa! Sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia oili, kaiweka yeye. Gari limetoka mikononi mwake juzi juzi tu, na oili yote imemwagikia nyuma. Nimeiona kwa macho yangu!" Watu wakamshika, wakamkalisha, pole, pole. Taratibu aliangalia upande wa wanawake, alipokaa mama yake, akitegemea walau ainue uso. Hakuinua.

Na tangu siku hiyo mama hakuitikia shikamoo yake. Chakula kilichopikwa na mke wa Taratibu kilipelekwa kwa mama, kikarudi na mfuniko wake. Jirani waliona, na jirani wakiona, basi mtaa umeona. Jamani, kugombana na mtu baki ni kitu, lakini mzazi akikupita mlangoni kama anapita nguzo ya umeme! Taratibu alikonda. Mkewe akamwambia, "Ama uoneshe si wewe, ama uombe msamaha kama ni wewe. Hivi ulivyo hufai kwa lolote."

Basi kilichobaki kilikuwa kimoja tu: kujua oili ilitokea wapi. Kama ilitoka kwenye sili yake, ameua dada yake. Kama ilitoka kwingine, mama atamtazama tena usoni.

Baba Pacha alikuja asubuhi kushuhudia. Alikaa juu ya kreti ile ile, kofia magotini, ndevu hazijanyolewa.

"Fungua," akasema. "Nataka kuona mwenyewe."

"Nitafungua, shem. Lakini injini imekufa, siwezi kuiwasha niione ikivuja. Itabidi nisome alama tu."

"Soma basi. Si ndiyo kazi yako?"

Taratibu akashuka shimoni. Chini ya gari kulikuwa na balaa: tope lililokaukiana na oili, kuanzia katikati ya injini hadi kwenye ekseli ya nyuma. Oili ikitoka mbele, upepo wa mwendo huipeperusha ikapaka kila kitu nyuma yake, kwa hiyo palipolowa zaidi si lazima pawe ndipo palipovuja. Hilo hata mwanagenzi anafundishwa. Lakini giaboksi ilikuwa imelowa mno, na oili ilichuruzika kutoka pale inapoungana na injini, mahali hasa ilipo sili ya nyuma. Akafungua giaboksi, akaiteremsha na jeki, akatoa klachi, akatoa gurudumu zito lililo nyuma yake, akamulika kwa tochi.

Sili mpya, ile aliyoiweka kwa mkono wake, ilikuwa imetoka nyumbani mwake, imekaa upande kama kofia ya mlevi.

Baba Pacha alikuwa ameinama anachungulia. Hakuhitaji kuambiwa. "Haya," akasema, sauti imekauka. "Haya, Taratibu. Umeona?"

"Nimeona."

"Basi." Akavaa kofia yake. "Wa chuma chakavu watakuja kulichukua. Mimi sitaki hata kulisikia likitajwa." Akaenda zake. Alipofika barabarani alisimama kidogo, mkono kwenye ukuta, kisha akaendelea.

Taratibu akabaki shimoni. Mganga hajigangi, fundi wa kuaminiwa na mtaa mzima, gari la damu yake mwenyewe likamshinda. Alikumbuka siku ya kuiweka ile sili: aliipaka oili kwa kidole, akaigonga polepole kwa kibao kuizunguka yote, akapima kwa ukucha kama imelala sawa. Ilikuwa imelala sawa. Aliliapia hilo peke yake, kwa sauti, mle shimoni. Na sili iliyolala sawa haiamki yenyewe ikatoka nyumbani. Lazima iwe imesukumwa.

Imesukumwa na nini?

Hapo ndipo alipofanya alichotakiwa kufanya tangu mwanzo, kile ambacho baba yake alikuwa akimpigia kelele: oili haipandi mlima, mjinga wewe, anza juu. Akatoka shimoni, akafungua boneti, akaanza juu.

Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa waya. Kile kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimefungwa kwa waya, kimekazwa, kama mtu anayefunga mlango usiokubali kufungika. Yeye hakukifunga. Dereva gani anafunga kijiti cha oili kwa waya? Dereva ambaye kijiti kinamruka kila siku. Akatazama kifuniko cha kujazia oili: chini yake kimewekwa kipande cha mfuko wa plastiki, kibane zaidi. Akapitisha kidole kwenye gasketi ya juu ya injini, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Imelowa kote. Gasketi ikichoka huvujia mahali pamoja. Hii ilikuwa inavuja pande zote, kama sufuria iliyofunikwa ikachemka. Injini hii ilikuwa ikisukuma oili nje kila ilipopata upenyo. Ilikuwa imezibwa pumzi.

Injini ya dizeli iliyozeeka ina moshi wake wa ndani, na moshi huo unatoka kwa bomba dogo linaloshuka ubavuni hadi chini. Ndiyo pua yake: ikizibwa, moshi unajaa ndani na kusukuma oili na sili nje. Taratibu akarudi shimoni, akalifuata bomba hilo kwa vidole mpaka mwisho wake, akabandua tope. Mdomo wa bomba ulikuwa umefungwa kwa mpira wa tyubu, umezungushwa ukazungushwa. Akaukata. Ndani yake mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko, kimeshindiliwa kikaingia chote, kipande cha sponji.

Akakiminya. Akapanda, akafungua mlango wa dereva. Kiti cha dereva kilikuwa kimekatwa pembeni, chini ya kitambaa, shimo la ukubwa wa ngumi. Kiti cha abiria kilikuwa kizima.

Hapo moyo wake ulipiga kwa furaha, na msimlaumu. Si mimi! Alitaka kukimbia barabarani na kile kipande mkononi. Si mimi, jamani, si mimi! Kisha furaha ikamwisha mwilini, kwa sababu alikuwa ameshajua ni nani, na pia alijua ni kwa nini.

Ule moshi ulikuwa ukipanda kupitia sakafu ya gari iliyotobolewa na kutu na kumkohoza mgonjwa. Baba Pacha alimwambia, tena siku ile ile alipokuja kuchukua gari baada ya sili: "Shem, na ule moshi? Mwenzangu anakohoa mpaka anatapika." Dawa yake ilikuwa kipande cha mpira tu, kulirefusha lile bomba litolee moshi nyuma. Kazi ndogo. Taratibu akasema, "Hilo nitaliangalia, ukipita tena." Na gari la ndugu, mnajua lilivyo: linasubiri. Wateja wa nje wanapiga kelele, ndugu hapigi kelele. Alipita, akaambiwa kesho. Hakupita tena.

Taratibu alikuwa bado amesimama pale mlangoni mwa gari, sponji mkononi, Baba Pacha aliporudi. Alikuwa amesahau mto wa mkewe kwenye kiti. Akauchukua, akaukung'uta vumbi, ndipo akaona kilichomo mkononi mwa shemeji yake.

"Aa, hiyo umeitoa?" akasema. Hasira ilikuwa imempungua; sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka tu. "Niliiweka mimi. Ulisema utaangalia ule moshi, hukuangalia, basi nikajifanyia mwenyewe."

Taratibu akakifumba kile kipande kiganjani.

"Mwenzako alikuwa anateseka. Mimi naendesha, yeye anakohoa, tunasimama, anatapika, tunaendelea. Nilipoziba hiyo, alikaa kimya njia nzima. Alilala, shem. Alilala na kichwa begani kwangu mpaka hospitali." Akaugeuza mto, akaukumbatia. "Katika yote niliyomfanyia, dawa, madaktari, maombi, hilo peke yake ndilo lililofaulu."

Akaondoka na mto wake.

Taratibu alikitia kile kipande mfukoni, akanawa kwa sabuni ya unga, akaenda kwa mama yake. Atamwambia mama tu, basi. Yule mwingine abaki na lake, lakini mama ajue. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, anayapangua, anayapanga tena.

Alimkuta chumbani, kwenye kigoda, anashona vifungo vya mashati ya shule ya wale pacha. Watoto walikuwa kwa baba yao. Walikuja kwa bibi kila Jumamosi.

"Shikamoo, mama."

Akategemea kimya cha kila siku. Mama akakata uzi kwa meno. "Marahaba. Rudishia mlango."

Akarudishia.

"Mama, nimefungua lile gari. Nimeona oili—"

"Mfukoni una nini? Sponji?"

Taratibu akaushika mfuko wake. Mama hakuinua macho kutoka kwenye shati.

"Mdogo wako aliniambia. Alikuja hapa, kakaa hapo ulipo, anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu augue. 'Mama, leo sijakohoa! Baba Pacha kakata kiti chake kaziba moshi wote.' Mimi nimekaa na baba yako gereji pale mpaka nimezeeka, nimemwona akimfukuza dereva kwa kosa hilo hilo. Nikataka nimwambie mwanangu, jamani ile kitu haizibwi. Nikamtazama anavyocheka. Nikasema, acha, nitamwambia kaka yake akipita." Akatunga uzi mwingine. "Hukupita."

"Mama, nilikuwa na kazi nyingi..."

"Najua. Sikulaumu. Na mimi ningeweza kutuma mtu, sikutuma."

Mama akapitisha sindano kwenye kitambaa.

"Kwa hiyo unajua si mimi," akasema Taratibu.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu pale msibani, aliposema oili."

"Na ukaniacha, mama? Umerudisha chakula cha mke wangu! Nakuamkia njiani watu wanatazama, unanipita! Unajua si mimi na unanipita?"

"Nakupita." Sasa akaweka shati chini, akamtazama. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu. "Nisikilize. Wewe nikikununia hata miaka kumi, utaenda wapi? Wewe ni wangu, utanizika. Yule si wangu. Aliyekuwa anatuunganisha na yule tumemfukia. Dada yake huko kwao anapiga simu kila siku, watoto waletwe, watoto waletwe. Leo umwambie ni yeye, ni mikono yake mwenyewe iliyomuua mkewe, atakaa mji huu? Atanitazama mimi? Atafunga mizigo yake, na wale watoto wangu wawili ndani ya mizigo. Ama atajifanyia jambo baya zaidi. Watoto wale wana sura ya mdogo wako, baba. Yule mmoja hata kucheka anacheka kama yeye."

"Na mimi?"

"Wewe una mimi."

"Mbele za watu husemi na mimi!"

"Mbele za watu, ndiyo. Anatakiwa aone niko upande wake. Humu ndani una mimi."

Taratibu akajifunika uso kwa viganja, vile viganja visivyotakata hata kwa sabuni ya unga. Alilia. Mtu mzima, baba wa watoto, fundi, alilia kwa kelele, na mama hakumzuia wala hakumbembeleza. Alipotulia akasema, "Jina langu, mama. Hakuna atakayeniletea gari tena. Watasema nimemuua dada yangu."

"Jina lako nilikupa mimi, na mimi nalijua lilivyo." Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo kitu."

Akampa. Mama akakipeleka kile kipande puani, akakinusa, oili na moshi, akakitia chini ya godoro lake.

"Sasa nenda kamwambie ni sili. Mwambie umeichunguza ukahakikisha, asije akasikia lingine kwa fundi mwingine, akaanza kufikiri."

Wako watakaosema mama yule alikosa. Wako watakaosema alikuwa na haki. Mimi nasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi mwenye wana wawili, mmoja yuko kaburini, uchungu wake hauna mizani. Lakini kwa Taratibu niliumia, na bado naumia.

Alimkuta Baba Pacha kibarazani kwake, anawafulia watoto soksi kwenye beseni. Pacha wenyewe walikuwa ndani, wanabishana kuhusu kitu cha kuchezea. Mmoja alicheka, na Taratibu akageuka kuutazama mlango.

"Shem."

"Naam."

"Nimeirudia kuiangalia. Ni sili. Haikulala sawa nilipoiweka."

Baba Pacha hakuacha kufua. Alikamua soksi moja, akaitundika kwenye kamba, akachukua nyingine. "Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Mama hana kosa," akasema Baba Pacha. "Yule mama ni mtu. Watoto nitampelekea Jumamosi kama siku zote, siwezi kumnyima wajukuu zake. Lakini wewe, nikiwaleta, nisikukute pale. Siku ya watoto usikanyage. Sitaki wakuone, sitaki wakuite mjomba."

Ndani, yule mtoto akacheka tena.

"Sawa," akasema Taratibu, na safari hii hakumwita shem.